Mtoto Hasikii

Raya alitimiza miaka mitatu na nusu akiwa na maneno ya kuhesabika kwa vidole, na hayo yenyewe waliyaelewa wazazi wake tu. "Ba" alikuwa baba, lilikuwa basi la barabarani, na ulikuwa mpira pia. Maji yalikuwa "ma", na mama naye alikuwa "ma". Akitaka kitu, alimshika mtu mkono akampeleka kilipo. Alikuwa mtoto mchangamfu, mwepesi wa kucheka na kukumbatia, na kwa muda mrefu Jokha, mama yake, alijiambia kuwa kila mtoto ana wakati wake.

Walikuwa wakikaa Walthamstow, kwenye fleti ya juu katika nyumba ya matofali nyuma ya soko. Jokha aliletwa London na mama yake kutoka Unguja akiwa na miaka tisa. Mama huyo sasa alikuwa amefariki, na Jokha alikuwa mfamasia huko Stratford. Mumewe, Hallgrímur, ambaye kila mtu alimwita Halli, alitoka mji mdogo wa kaskazini mwa Aisilandi na alikuwa fundi baiskeli. Walijuana dukani kwake, siku Jokha alipompelekea baiskeli ya mtumba, na Halli akamwambia kwa upole kuwa breki zile zitamuua. Halli alisilimu, wakaoana, na Raya alipozaliwa wakamwandikisha kwa desturi ya kina Halli: Raya Hallgrímsdóttir, yaani Raya binti Hallgrímur. Shangazi yake Jokha, aliyekuwa akiishi Muscat, alipolisikia jina hilo kwenye simu alisema kumbe Wazungu hao wana adabu, humtaja mtu kwa baba yake.

Wao wawili walizungumza Kiingereza. Kwa mtoto, kila mmoja alishika lugha yake tangu siku ya kwanza. Jokha hakuhitaji kushawishiwa. Ndugu wengi wa mama yake walihamia Muscat baada ya mapinduzi, na aliona yaliyowapata huko. Wazee walikunywa kahawa kwa Kiunguja safi, wajukuu wakawajibu kwa Kiarabu, na Jokha alipopiga simu wale wajukuu walicheka kwa haya wakampa simu mtu mwingine.

Kwa Halli jambo lilikuwa zito zaidi. Watu wote wa nchi yake hawakufika nusu ya watu wa Unguja na Pemba. Kwao, neno la kigeni likigonga mlango, watu hukaa kitako wakatunga la kwao. Kompyuta, kwa mfano, waliipa jina la mwanamke mwaguzi wa hadithi za kale, wakalichanganya na neno la hesabu. Jokha alipenda sana kusikia mambo hayo. Lakini Halli alikuwa na wapwa wawili huko Reykjavik, watoto wa dada yake, na mara ya mwisho alipokwenda kuwatazama alirudi amenyong'onyea.

"Nimekaa nao chumbani wakicheza michezo yao ya kompyuta," alimwambia Jokha. "Wanaongea wao kwa wao, ndugu wa tumbo moja, na ni Kiingereza kitupu. Hawajawahi hata kukanyaga Uingereza. Wameokota lugha nzima kwenye skrini."

"Na wakiongea na bibi yao?"

"Hapo wanarudi kwenye yetu. Lakini wanarudi kama watu wanaovua viatu mlangoni. Wakitoka wanavaa tena."

Kwa sababu hiyo Halli aliweka sheria ya katuni. Raya aliruhusiwa kuangalia, lakini televisheni ilizimwa sauti, na Halli mwenyewe akakaa kando ya skrini akawasemea wanyama wote. Nguruwe alisema Kiaisilandi, na sungura vivyo hivyo, na mbwa wa polisi alibweka kwa lafudhi ya kaskazini. Raya alipenda mchezo huo kuliko michezo yote. Alikaa miguuni pa baba yake, akainua uso, akamtazama yeye badala ya skrini. Jokha aliwapiga picha wakiwa hivyo. Aliona mapenzi tu, na kweli yalikuwepo.

Mwezi wa pili mwalimu mkuu wa nasari aliwaita. Alikuwa mwanamke mkarimu, aliwapa chai na kuwaulizia habari za kazini kwanza. Halafu akasema wenzake Raya wanasimulia mambo ya wikendi, wanagombana, wanatunga uongo mzuri tu, na Raya hajaunganisha maneno mawili.

"Nyumbani mnamsemesha lugha ngapi?" akauliza.

Wakamweleza. Yule mwanamke alitikisa kichwa taratibu, si kwa dharau.

"Ni nyingi kwa kichwa kidogo. Angekuwa wangu, ningechagua moja kwa sasa. Ataanza shule, na huko ni Kiingereza. Zile nyingine zinaweza kusubiri."

Jioni ile walijadiliana mpaka chakula kikapoa. Jokha alimtetea mtoto, kisha akamtetea mwalimu, kisha akashindwa kujua anamtetea nani. Halli ndiye aliyesema mwisho.

"Kama lugha yangu ndiyo inayomziba mdomo mwanangu, basi ikae kando."

Alisema hivyo bila kumtazama mkewe, akainuka kuosha vyombo.

Kuanzia siku iliyofuata nyumba ikawa ya Kiingereza. Jokha alijiweza. Ila Raya alipoanguka, "pole mwanangu" ilimfika kooni na ilimbidi aimeze. Kwa Halli hali ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa na Kiingereza kizuri cha dukani, cha minyororo na gia na wateja wenye haraka. Cha kumbembelezea mtoto hakuwa nacho. Usiku wa kwanza alitoka chumbani kwa Raya akakaa ukingoni mwa kiti.

"Nimemsomea kitabu," alisema. "Nilijisikia kama natangaza hali ya hewa."

Mama yake Halli, Bi Steinunn, alikuwa akipiga simu ya video kila Jumapili kutoka mji wao wa kaskazini. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe fupi, na kwa miaka mitatu alikuwa akimwimbia Raya, akimwonyesha theluji dirishani, akimwambia hili na lile. Halli alimweleza uamuzi wao. Bi Steinunn alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja fupi ambalo Jokha alilijua maana yake ni sawa. Jumapili iliyofuata alipiga tena, akampungia Raya mkono, akatabasamu, akasema "Hello, hello," kisha hakujua aseme nini. Wakaangaliana kwenye kioo, bibi na mjukuu, mpaka Halli akachukua simu.

Na televisheni ikarudishiwa sauti. Hakukuwa tena na sababu ya kuizima. Halli hakukaa tena kando ya skrini. Alikwenda kutengeneza baiskeli yake uani, na Raya akabaki na nguruwe aliyesema Kiingereza.

Hapo ndipo ugomvi wa sauti ulipoanza. Raya alijifunza upesi kitufe cha kuongezea sauti, akawa anaipandisha mpaka mwisho. Jokha alikuja kutoka jikoni akaishusha, na kabla hajafika kwenye sufuria zake ilikuwa imepanda tena. Alimkataza kwa kidole, kwa macho, na kwa Kiingereza cha pole pole kama walivyoshauriwa. Mtoto alitabasamu, akaitikia kwa kichwa, akaipandisha.

Jumamosi moja asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Titus, jirani wa chini, Mkenya wa Nyeri aliyekuwa akiendesha mabasi ya usiku. Alikuwa amevaa ndala, na macho yamemvimba kwa usingizi.

"Mama Raya, samahani sana," alisema. "Nimetoka shifti saa hii. Hiyo tivii mnaweza kuipunguza kidogo tu? Inaingia mpaka ndani ya mto."

"Yarabi, pole, kaka Titus. Naipunguza, naye anaipandisha. Nimesema mpaka nimechoka. Huyu mtoto hasikii."

"Wangu walikuwa hivyo hivyo," Titus alisema akicheka. "Ukimwambia hivi, anafanya vile. Hawasikii kabisa mpaka wakue. Usijali, nitaweka pamba."

Akashuka ngazi. Jokha alibaki na mkono kwenye kitasa.

Alikuwa amezungumza Kiingereza nyumbani tangu mwezi wa pili, na maneno yale yalikuwa yamemtoka kwa Kiswahili kwa sababu aliyesimama mlangoni ni Titus. Kwa Kiingereza angesema mtoto ni mtundu, na habari ingeishia hapo. Hasikii. Mama yake alikuwa akimwambia yeye hivyo alipokuwa mdogo, na bibi yake alimwambia mama yake, na hakuna kati yao aliyekuwa na maana ya masikio.

Aligeuka akamtazama binti yake. Raya alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni, shavu limegusa spika, na kiganja kimoja kimelala juu ya kisanduku, kama mtu anayepima homa.

Jokha aliizima. Akampa Raya matofali yake ya kuchezea, akasubiri mpaka alipozama katika mchezo, kisha akasimama nyuma yake.

"Raya," aliita kwa sauti ya kawaida.

Mtoto akaweka tofali juu ya tofali.

"Raya. Raya, mwanangu."

Hakugeuka. Jokha alikwenda jikoni akaleta kifuniko cha sufuria, akakiachia kianguke sakafuni. Hapo Raya aliinua kichwa, pole pole, akatazama mlango, kama vile kelele ile ilitoka kwa jirani.

Jokha alimpigia mumewe dukani. Halli alisikiliza bila kumkatiza. "Nakuja," alisema tu.

Alifika na mikono ina grisi. Alisimama nyuma ya binti yake pale pale aliposimama Jokha, akamwita kwa lugha ambayo hakuwa ameitumia naye kwa wiki nyingi, kwa jina la utani alilompa alipokuwa mchanga. Hakuna kilichotokea. Akazunguka, akachutama mbele yake, akaliita tena. Uso wa Raya ukafunguka wote. Macho yake yakashuka kwenye midomo ya baba yake yakatulia hapo.

Halli aliketi sakafuni.

"Kwenye zile katuni hakuwa akiutazama uso wangu tu," alisema. "Alikuwa anausoma."

Zikaja wiki za hofu. Daktari wa mtaa aliwapa barua ya kwenda hospitali, na mpaka siku ya miadi ilipofika Jokha alikuwa amesoma kila kitu kilichowahi kuandikwa juu ya uziwi. Raya alipozaliwa alipimwa masikio, wakaambiwa ni mazima. Basi nini kimetokea? Usiku alilala akimshika mtoto kichwa. Alikuwa amejiandaa kujifunza lugha ya ishara, na alikuwa tayari kwa hilo. Asichoweza kuvumilia ni kutojua.

Mpimaji wa masikio aliitwa Geeta. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni, mwenye sauti iliyotulia. Alimkalisha Raya kwenye kiti kidogo, akamfundisha mchezo: ukisikia mlio, tia kijiti kwenye kikombe. Jokha alipomwinamia mtoto akamnong'oneza "Bismillahi, mwanangu, usiogope," Geeta alimtazama.

"Wewe mtu wa wapi?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Unguja."

"Mama yangu alikuwa na duka Kisumu. Mimi Kiswahili changu ni cha kuuzia sukari tu," akasema, akarudi kwenye Kiingereza na mashine yake.

Milio mikubwa Raya aliisikia. Midogo hakuisikia, akawa ameshika kijiti chake hewani, anasubiri kwa subira iliyomchoma Jokha moyoni. Kisha Geeta akamwekea kidubwasha laini sikioni, upande huu na upande ule, na mashine ikachora mstari ulionyooka kama meza. Geeta alivaa miwani yake akauangalia, akauangalia tena, akavua.

"Sawa," alisema. "Nawaambia kwanza jambo mnalotaka kulisikia. Mishipa yake ya kusikia ni mizima. Huyu mtoto si kiziwi."

Jokha alishika mkono wa kiti.

"Nyuma ya ngoma ya sikio pana nafasi ndogo," Geeta aliendelea. "Inatakiwa iwe na hewa. Yake imejaa ute mzito, kama gundi, masikio yote mawili. Huwapata watoto wengi, hasa wakianza nasari na mafua yasiyoisha. Anasikia, lakini kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye maji ya kuoga. Vokali zinapita, konsonanti zinabaki nje. Ndiyo maana kila kitu ni ba na ma. Mara nyingi hukauka wenyewe. Usipokauka, tunatia kijibomba kidogo kama punje ya mtama, ute unatoka, hewa inaingia. Basi."

"Basi?" Jokha aliuliza.

"Basi."

Jokha alisema Alhamdulillahi kwa midomo tu. Halli alikuwa bado amekaa kama aliyeegemea ukuta usiokuwepo.

"Na lugha?" aliuliza.

"Lugha gani?"

Wakamsimulia yote, kuanzia lugha tatu za nyumbani mpaka ushauri walioupokea, na jinsi walivyoziacha mbili tangu mwezi wa pili. Geeta alisikiliza, akaiweka kalamu mezani.

"Mimi nimekua na Kigujarati jikoni, Kiswahili dukani, Kiingereza shuleni," alisema. "Aliyewashauri aliwatakia mema. Lakini ukimpunguzia mtoto lugha, maji hayamtoki sikioni. Zote tatu alikuwa akizisikia nusu, na sasa mmembakizia moja, nayo ni nusu vile vile."

"Kwa hiyo tunaweza kurudi?" Halli aliuliza. "Leo?"

"Rudini leo. Semeni naye kwa karibu, mbele ya uso wake, tivii imezimwa. Msemesheni kwa lugha ambayo mnaweza kumwambia kila kitu."

Walipotoka, Halli hakufika hata kwenye lifti. Alichutama ukumbini mbele ya kigari cha Raya, akaanza kuzungumza. Manesi walipita na vitanda, mzee mmoja akampitia na mkongojo, naye hakuinua kichwa. Alizungumza kwa muda mrefu, uso kwa uso, na Raya akayatazama maneno yakitoka moja moja.

"Umemwambia nini?" Jokha alimwuliza baadaye, kwenye kituo cha basi.

"Nimemtajia majina ya jamaa zetu wote. Sikujua pa kuanzia."

Kwenye basi zamu ikawa ya Jokha. Alimpakata Raya wakitazamana, akampa Kiunguja chote kilichokuwa kimemkwama tangu baridi: lile duka la vitambaa, yule mbwa mnene, hii mvua, huyu baba yako analia na anadhani hatumwoni.

Jumapili ile Halli ndiye aliyepiga simu. Bi Steinunn alitokea kwenye kioo amevaa miwani ya kusomea. Halli alimweleza kwa kirefu, na Jokha, ingawa hakuelewa maneno, aliona uso wa yule mama ukipita kwenye hofu, ukatoka upande wa pili. Kisha Bi Steinunn akasema jambo refu kwa sauti ya kuona haya, na Halli akacheka mpaka akafuta macho.

"Anasema nini?"

"Anasema tangu tulipomwambia amekuwa akienda maktaba kujifunza hadithi ya mbuzi watatu kwa Kiingereza, ili amhadithie Raya. Amefika kwenye mbuzi wa pili. Anauliza kama sasa anaweza kuiacha."

Ute haukukauka wenyewe. Walisubiri miezi mitatu kama walivyoelekezwa, na mwezi wa tisa Raya alitiwa vijibomba. Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko walivyodhani. Jokha alikuwa bado anazungusha kikombe cha chai mkononi wakati mlango ulipofunguliwa na nesi akasema mtoto ameamka na anataka biskuti.

Siku ya kwanza nyumbani ilikuwa ya ajabu. Birika lilipochemka Raya alikimbia akajificha nyuma ya mlango. Alikwenda kwenye jokofu akaliwekea kiganja, akamgeukia mama yake kwa macho ya kuuliza, kwani lilikuwa linanguruma na kumbe lilikuwa likinguruma siku zote. Jioni mvua ikanyesha. Alisimama dirishani akatazama, akagusa kioo, akagusa sikio lake. Hakuwa amejua kwamba mvua ina sauti. Jokha alikaa sakafuni nyuma yake.

"Raya," aliita, kwa sauti ndogo kuliko kawaida.

Mtoto aligeuka.

Jokha hakuwa na la kumwambia. Alimwita tu. Akamwita tena, naye akageuka tena, akacheka, na wakalifanya jambo hilo kuwa mchezo mpaka Halli aliporudi kutoka kazini naye akataka zamu yake.

Maneno hayakumiminika kama bomba lililozibuliwa. Yalikuja kidogo kidogo, kwa msaada wa mtaalamu wa matamshi aliyekuja kila wiki, na Kiingereza kilitangulia kwa sababu ndicho kilichojaa nasari. Mwalimu mkuu wa pale, Jokha alipomweleza mambo yote, alishika kifua chake.

"Niwieni radhi," alisema. "Nilidhani nawasaidia."

Wiki hiyo hiyo aliomba aandikiwe maneno ya kukaribisha watu kwa lugha za nyumba zote za watoto, akayabandika juu ya mlango.

Halli hakurudia sheria yake ya zamani. Alisema hawezi kupigana na skrini zote za dunia, afadhali azipe kazi. Aliwaandikia wapwa zake wa Reykjavik akawauliza kama wangeweza kumrekodia binamu yao sauti za katuni. Alitegemea wangekataa. Wale vijana walikaa chumbani na mashine zao siku mbili, wakaleta kipande kizima, kila mnyama na sauti yake, nguruwe akiwa na matusi mawili ambayo Halli alilazimika kuyakata. Wakaomba kazi nyingine. Dada yake Halli alipiga simu akasema kwamba vijana wamemjia kumwuliza maneno: hiki tunakiitaje, na kile tunakiitaje, kwa sababu hawataki kumfundisha mtoto makosa.

Wakati wa baridi, Jumapili moja, simu ililia juu ya kabati la jikoni. Jokha alikuwa anakanda unga, Halli ameshika bisibisi. Raya aliyekuwa chini ya meza alitoka akavuta sketi ya mama yake.

"Mama, njoo. Simi. Amma."

Walitazamana. Amma ni bibi, kwa lugha ya kina Halli. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya Raya ambayo haikuwa na Kiingereza ndani yake.

"Amesema simu," Jokha alisema.

"Amesema sími," Halli alisema. "Ndilo neno letu la simu. Limesikika wazi kabisa."

"Unanitania."

"Sikutanii. Ni neno la kale, maana yake uzi. Lilikuwa limeshakufa. Simu ilipofika, watu wakalichimbua wakalipa kazi."

Jokha aliiacha mikono yake ndani ya unga. "Mama yangu alikuwa akisema simu ni neno la Waajemi," alisema. "Maana yake waya."

Simu ikaendelea kulia. Walibishana kama lile neno lihesabiwe la baba au la mama, Halli akishikilia i ya mwisho, Jokha akidai mtoto ameitafuna u, mpaka Raya akakasirika akapanda kiti akapokea mwenyewe. Mwishowe walikubaliana kuwa ni la wote wawili.

Bi Steinunn alikuja London mwezi wa sita. Ilikuwa safari yake ya kwanza tangu Raya aanze kusema, na kwenye uwanja wa ndege mtoto aliona haya, akajificha nyuma ya baba yake, akazungumza Kiingereza tu. Halli aliuma mdomo. Bi Steinunn hakujali. Alikwenda naye sokoni siku ya pili, siku ya tatu, siku ya nne, akiuliza jina la kila kitu kama mtu asiyejua lolote, bamia, pilipili, masufuria, magunia ya mchele, na kwa kuwa hakuna mwingine pale wa kumjibu kwa lugha yake, Raya ikabidi amjibu. Vitu ambavyo kina Halli hawana majina yake, kama mihogo, Raya alimtajia kwa Kiswahili, na Bi Steinunn akarudi nyumbani akisema "muhogo" kwa r iliyojitokeza isijulikane imetoka wapi.

Usiku wa kwanza wa wikendi, jua la kiangazi likiwa bado limo dirishani, Bi Steinunn alimpeleka Raya kulala. Jokha na Halli walikaa jikoni na chai, kila mmoja akiwa amechoka kwa kazi. Kupitia mlango walisikia sauti ya bibi, tulivu, kisha sauti ya mtoto ikipanda, kisha ya bibi tena, imekaza kidogo. Mara sauti mbili zikawa zinapishana.

"Kuna nini huko?" Jokha aliuliza.

Halli aliinua kidole, akasikiliza.

"Mama anamwambia alale. Raya anasema hataki, bado kuna jua. Mama anasema kwetu jua halizami kabisa siku hizi na watoto wanalala. Raya anasema hao watoto ni wajinga."

"Anasema yote hayo?"

"Yote. Na vitenzi vyake ni vibovu."

"Kwa lugha yenu?"

"Kwa lugha yetu."

Jokha aliinua miguu yake akaiweka juu ya kiti kilichokuwa wazi, akajisogezea kikombe.

"Basi waache," alisema. "Asilale."